Mpira wa Maji wa Merle

Saa moja na dakika kumi asubuhi Hollis Pruett aligonga mlango wa trela ya Merle Tvedt, mfanyakazi mwenzake, mara ya tatu, kisha akauchokonoa kwa bisibisi ukafunguka. Merle alikuwa kitandani, blanketi hadi kidevuni, mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka kukimbia. Alikuwa amekufa. Hita ya gesi ilikuwa bado inanguruma.

Hollis alitoka mbio hadi chini ya msonobari. Mashavu yale aliyajua. Alikuwa fundi wa hita miaka thelathini kabla yeye na mkewe Twyla hawajauza nyumba na kuhamia kwenye trela, wakifuata kazi za msimu hifadhi moja hadi nyingine. Hewa ya sumu ndiyo hupaka watu rangi ile. Na hita ya Merle aliitengeneza yeye, Jumanne. Leo ilikuwa Ijumaa.

Naibu sherifu Renata Cobb alifika saa mbili na nusu. Kambi ya Larch Bend, Montana, ilikuwa imeshafungwa kwa wageni. Walibaki wafanyakazi tu, wakisubiri kuelekea kusini.

"Ulifanya nini kwenye hita?"

"Nilibadilisha feni, nikapima hewa. Ilikuwa safi."

"Una cheti cha ufundi hapa?"

"Sina, afande."

"Kengele yake ya hewa ya sumu haina betri."

"Aliitoa mwenyewe, ilimpigia kelele akikaanga bekoni. Kambi nzima tulikuwa tunamcheka."

Cobb alifunga daftari. "Usiondoke. Saa kumi jioni narudi na mkaguzi. Mtu akifa kwa hita uliyoitengeneza bila cheti, ni jela hiyo, bwana Pruett."

Faye Lindahl, mama aliyepokea wageni getini, alikuja na birika la kahawa. Siku zote alilishika kwa glavu yake ya jikoni yenye picha ya jogoo. Leo alilishika kwa mkono wa sweta.

"Kunywa, Hollis."

Nyuma yake alisimama mumewe, mzee Stuart, ambaye siku hizi alisahau mambo, koti juu ya nguo za kulalia. "Merle ameamka?"

"Bado, mpenzi," Faye alimjibu.

Walipoondoka, Twyla alimshika mumewe mkono. "Wewe hukosei hita. Basi kuna mtu. Na huyo mtu analala hatua ishirini kutoka kitandani kwetu."

Hollis alitembea hadi ubavuni mwa trela ya Merle. Bomba la moshi la hita lilitokeza pale, limejaa masizi kuliko alivyoliacha. Mkono mmoja tu kutoka hapo palikuwa na bomba la maji, na mpira wa Merle ulining'inia kwenye ndoano. Ulikuwa umefunguliwa, umekaushwa, umekunjwa, na ncha zake zimefungwa pamoja.

Alisimama akiutazama. Jana saa mbili kasorobo usiku alichota maji pale; mpira ulikuwa bado umeunganishwa na Merle alikuwa anameza vidonge vyake vya usingizi. Tangazo kwamba maji yataganda lilitoka kwenye redio ya kambi saa tatu na robo. Merle asingelisikia. Basi mtu mwingine alisimama hapa baada ya tangazo.

Alimwendea Dale Umphrey, mkata nyasi. Jumapili Dale aliapa kumvunja Merle shingo, akidai Merle amemgonga mbwa wake kwa gari akafa. Sasa alikuwa anaupiga teke mpira wake wa maji, umeganda kama chuma.

"Umekuja kuniuliza kama nimemuua?"

"Ndiyo."

"Ningempiga ngumi mchana, watu wote waone. Sasa nisaidie na hili dude."

"Kila mwaka unaugandisha, Dale."

"Na kila mwaka unanisema. Wewe mke wangu?"

Hollis akamtoa kwenye hesabu. Mtu aliyeshindwa kukumbuka mpira wake asingekumbuka wa adui yake.

Kazi yake ilikuwa kusafisha vyoo na kumwaga mapipa ya taka. Saa nane, kwenye pipa la nyuma ya bafu, chini ya maganda ya mayai, alipata alichokiogopa. Alikikunja ndani ya gazeti, akaketi na Twyla mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, wakihesabu dakika.

Saa kumi Cobb alirudi na mkaguzi, akawakusanya wote kwenye meza ya nje.

"Nani alifungua mpira wa Merle?" Hollis aliuliza.

"Mwenyewe," alisema Faye haraka. "Nilimgongea saa tatu na nusu nikamwambia baridi inakuja. Akatoka akaufungua."

"Amekunywa vidonge vyake vya usingizi, akaamka kwa kugongewa? Nilimwona akivimeza saa mbili kasorobo."

"Sasa unataka kusema nini?"

Hollis alifungua gazeti. Glavu ya kitambaa, imeungua, na duara jeusi katikati, upana wa bomba la moshi.

"Faye," Stuart alisema kwa furaha, "si ile ya jogoo wetu hiyo? Nimeitafuta asubuhi yote."

Faye alimpapasa mumewe goti.

"Aliyemgonga mbwa ni Stuart," alisema hatimaye, "akirudisha gari nyuma. Dale akamlaumu Merle, Merle akanyamaza kwa ajili yetu. Ila akaniambia nimnyang'anye Stuart funguo za gari kabla ya Ijumaa, la sivyo anaripoti, Stuart anyang'anywe leseni. Mimi macho hayaoni vizuri, siwezi kuendesha. Nyumba yetu ni lile gari, Hollis. Tungeishi wapi?"

Dale aliinamisha kichwa.

"Niliziba bomba la moshi kwa glavu hiyo, alfajiri nikazibua. Nilijua watasema ni hita mbovu."

"Watasema ni mimi," Hollis alisema.

"Ndiyo. Samahani."

"Na mpira?"

Aliitazama mikono yake. "Ungepasuka kwa baridi. Miaka kumi na minne nafanya hivyo kila baridi ikitangazwa. Mikono ilifanya yenyewe."

Cobb alimpeleka Faye kituoni. Twyla alimpigia simu binti wa Stuart, angefika kesho. Redio ikatangaza baridi tena. Hollis alivuka hadi kwenye gari la akina Lindahl, akafungua mpira wao wa maji, akaukausha, akaukunja. Kisha akaingiza kidole kwenye bomba la moshi la hita yao. Lilikuwa wazi. Akaingiza tena.

Dirisha lilifunguka juu yake.

"Merle ameamka?" Stuart aliuliza.

"Bado, mzee," Hollis alisema, akaenda kukagua bomba lake mwenyewe.