Mkwe Ndani ya Chai

Siku ya soko Kericho, lori lilisimama hatua moja tu kutoka kwa samaki wa Dorcus Amolo. Dorcus, gauni la maua, kitambaa chekundu kichwani, akashika kiuno.

"We dereva! Gari lako limeinama kama mlevi!"

Kepher Okeyo akashuka akicheka. "Springi imechoka, mrembo. Chungulia. Haya mabamba ya chuma yanayolaliana ndiyo springi. Yanabeba mzigo, na tukipita shimo yanameza kishindo. Hizi yubolti, vyuma vilivyopinda, zinayafunga kwa ekseli ya magurudumu."

"Na hili refu la juu, lenye masikio?"

"Hilo ndilo mwenye nyumba! Masikio yake yameshika gari. Likivunjika, tunalala njiani."

Wanawake wa soko walicheka mpaka machozi: mwanaume gani anatongoza kwa grisi? Lakini kila siku ya soko Dorcus alikuwa chini ya lori, na huko hakuna samaki.

Habari zikafika kwao ziwani. Mama yake akapanda treni hadi Lumbwa, stesheni ya karibu na Kericho, aje aamue: ampe Kepher binti, ama amrudishe nyumbani aolewe na mzee Obonyo, mwenye ng'ombe wengi na meno machache.

Kutoka stesheni Kepher aliwabeba mama na Dorcus nyuma ya lori, yeye mbele, macho barabarani. Katikati ya mashamba ya chai, shimo. Paa! Lori likainama upande mmoja. Kepher akaruka chini na koleo mkononi, akamwona mama anashuka, akatimua mbio. Chai ikammeza.

"Umeona, mama?" Dorcus alilia. "Amenikimbia!"

"Nani amekukimbia? Kulelewa na shangazi huku kwa laini za wafanyakazi wa kampuni ya chai kumekuharibu. Kwetu mkwe humkwepa mama mkwe. Ulitaka alale chali chini ya gari mbele yangu, tumbo wazi? Huyo ana adabu." Mama akageuka, akajifunika leso kichwani.

Dorcus akapangusa machozi. "Kepher, mpenzi! Rudi!"

"Mama yuko?" chai ikauliza.

"Yuko!"

"Basi siji. Ingia chini wewe, malaika. Lenye masikio limevunjika?"

Dorcus akajilaza matopeni na gauni lake la maua. "Ni zima! La pili ndilo limekatika."

"Na yubolti?"

"Zimeshika!"

"Tumepona! Panga na waya viko chini ya kiti. Kata mti mfupi, uulaze juu ya ufa, funga na waya mpaka ulie."

Alifunga. Akatoka na grisi shavuni, akicheka.

Mama hakugeuka. "Dorcus, hebu uliza hiyo chai kama ina wazee wa kutuma kwetu."

Chai haikungoja kuulizwa.

"Wapo, mama! Jumapili!"