Nta ya Mwaka Jana

"Fomu hii inataka sahihi yako kabla ya saa sita," Mama Kambi aliniambia, akaiweka juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya vumbi la msasa. "Usiposaini, wasichana sita hawasafiri."

"Mama, nilishasema siendi."

"Nilikusikia. Sasa nenda kawaambie wao."

Akatoka na kofia yake pana bila kugeuka. Huyu mama ndiye mwenye kambi, na sijawahi kumsikia akimgombeza mtu. Anakutwisha mzigo wako mwenyewe, kisha anakuacha nao.

Mimi ni fundi wa mbao za mawimbi, zile ndefu ambazo vijana husimama juu yake wakateleza na wimbi mpaka ufukweni. Ukivunjika ncha au ukipasuka, ubao unaletwa kwangu. Kwa miaka mitatu kambi yetu imekuwa ikipokea vijana kutoka pwani ya mbali, ambako bahari ni ya baridi mpaka watu wanaingia na nguo za mpira. Wanakaa wiki mbili, wanalala chumba kimoja na wa kwetu, wanafundishana mawimbi, nyimbo na matusi madogo madogo. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wa kwetu nao wangeenda kwao. Wazazi wa wasichana walitoa sharti moja tu: aende nao mwanamke mzima anayeijua bahari. Mwanamke huyo, katika kambi nzima, ni mimi.

Na mimi siendi, kwa sababu huko ndiko nyumbani kwa Kocha.

Ngoja niseme yote, maana nikificha najisumbua bure. Kocha ndiye anayewaleta wageni. Ni mtu mrefu, mpole, anaongea taratibu, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Mwaka jana alipasua ubao wake siku nne kabla ya kuondoka. Akauleta karakana, akapindua kopo la rangi, akalikalia, akanitazama nikifanya kazi. Siku ya pili akaja tena. Nilikuwa nimeshasawazisha ufa lakini sijalaza kitambaa cha kuuziba.

"Fundi," akasema, "mwakani nirudi kama kocha tu, au nirudi kwa ajili yako?"

Mikono yangu ilikuwa na gundi mpaka viwikoni. Jibu nilikuwa nalo tangu siku ile ya kwanza alipokalia kopo. Lakini mlangoni walikuwa wamejipanga vijana wasiopungua kumi, wote wamesahau ghafla kwamba kuna bahari.

"Jibu utalipata ukifika kwenu," nilimwambia.

Sasa, nina kawaida moja ya kazi. Kabla ya kulaza kitambaa cha fiba juu ya ufa, naandika tarehe kwa penseli. Gundi ikikauka, kitambaa kinakuwa wazi kama kioo, na tarehe inasomeka miaka yote. Kwa Kocha sikuandika tarehe peke yake. Niliandika jibu, pale ambapo mtu hulaza kifua akipiga maji kwa mikono. Kilipokauka nikapaka nta juu yake, nene, asije akalisoma mbele ya watoto. Nta ndiyo inayoushika mguu usiteleze. Ya kwetu ni ya maji ya joto, ikifika kwenye baridi inakuwa ngumu na utelezi kama sahani. Kocha mwenyewe ndiye aliyenifundisha hilo: wakifika kwao, kitu cha kwanza ni kukwangua nta ya huku na kupaka yao. Kwa hiyo nilipiga hesabu zangu vizuri. Atafika, atakwangua, atasoma, atapiga simu.

Alipofika, ukaja ujumbe huu:

"Tumefika salama wote. Ubao haukupata hata mkwaruzo. Asante kwa kazi."

Asante kwa kazi. Umemwandikia mtu moyo wako mzima, anakushukuru kama aliyekuja kuziba bomba. Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, halafu nikajibu:

"Sawa. Kazi njema."

Miezi kumi na moja, kimya. Nililia, sioni sababu ya kuficha, kisha nikajikaza kisabuni na kuendelea na msasa wangu. Jana jioni wageni waliposhuka kwenye basi, Kocha alinisalimia kwa kichwa. Mimi nikasalimia mizigo.

Basi, fomu ikiwa mezani, nikaanza kazi ya asubuhi. Mbao za wageni hukwanguliwa zote siku ya kwanza, maana nta yao laini ikipigwa na jua letu inayeyuka kama siagi. Zilikuwa kumi na nne. Nje nilisikia wasichana wetu wakiwauliza wenzao kama baridi ya kule inaingia mpaka kwenye meno. Mmoja alishanunuliwa sweta zito na mama yake, na jana alilivaa kutwa nzima kwenye joto hili ili alizoee. Nilikwangua kwa hasira, kila ubao.

Ubao wa Kocha niliuacha mwisho. Nikauvua blanketi lake, nikainua kikwangulio, kisha nikainama kuitazama nta.

Nta yao ni nyeupe, na wanaipaka kwa mistari iliyonyooka. Hii ilikuwa ya kijani, ya kwetu. Ilikuwa imepakwa kwa viduara vidogo vidogo kutoka mkiani kwenda mbele, na anayepaka hivyo ni mimi peke yangu, watoto hunicheka kila siku. Haikuwa na alama ya goti wala ya kifua. Ilikuwa na vumbi tu, la mwaka mzima.

Hakukwangua. Hakusoma. Nilikuwa nimemnunia mtu miezi kumi na moja kwa barua ambayo hakuifungua.

Nikakaa kwenye lile kopo la rangi. Kisha nikampigia simu.

"Njoo karakana."

"Kuna tatizo?"

"Lipo. Njoo."

Alikuja amelowa, mchanga mpaka magotini. Alipoona kikwangulio mkononi mwangu na ubao wake mezani, akaja akasimama kati yangu na ubao.

"Huu hapana, Fundi. Umechanganyika na nyingine kwa bahati mbaya. Huu haukwanguliwi."

"Kwa nini?"

Akaangalia chini, maji yakimdondoka kwenye sakafu.

"Kwetu sijaupanda hata mara moja. Ili niupande ingebidi nitoe nta, na hiyo nta ulipaka wewe, kwa mkono wako, nikikuona. Sikuweza. Nikautundika ukutani." Akaushika ubao ukingoni. "Mwaka huu nimekuja nao kwa sababu bahari hii ndiyo pekee ambako naweza kuupanda bila kuitoa nta."

"Na jibu langu je?"

"Ulisema nitalipata nikifika. Nikakuandikia kwamba nimefika, ili ujue nasubiri. Ukaniambia kazi njema. Nikaelewa."

"Hukuelewa kitu." Nikamwekea kikwangulio kiganjani, nikavifunga vidole vyake. "Kwangua hapo kifuani."

"Fundi, hiki ndicho kitu pekee nilicho nacho kutoka kwako."

"Nta nitakupaka nyingine. Nitakupaka kila mwaka mpaka uchoke. Kwangua."

Alikwangua taratibu, utadhani anamwosha mtoto. Nta ikajikunja, ikaanguka miguuni kwetu. Ilianza kuonekana tarehe. Halafu mstari wa penseli chini ya fiba, mwandiko wangu mbaya uleule:

"Ndiyo. Tangu siku ya kwanza. Njoo na wazee wako."

Aliusoma kwa kidole, neno kwa neno, akaurudia. Akaziba mdomo kwa kiganja, ila safari hii hakuwa anacheka.

"Ubao huu ulikuwa juu ya kitanda changu," akasema. "Mwaka mzima nimelala chini ya jibu."

"Na mimi mwaka mzima nimekuita majina ambayo siwezi kuyarudia."

"Bado ni hilo? Jibu?"

"Ukitaka kulitoa itabidi uvunje ubao."

Basi akalia, mwanaume mzima, na mimi nikalia naye, gundi na chumvi na nta ya kijani vikitushika nywele. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyompenda nilipoandika, maana wakati naandika sikujua kwamba anaweza kutunza kitu kiasi hicho.

Saa ya ukutani ilionyesha dakika saba kabla ya saa sita. Nikaivuta fomu, nikaipangusa vumbi, nikachukua penseli yangu ya tarehe.

"Fomu inajazwa kwa wino, mwanangu," sauti ya Mama Kambi ikasema mlangoni. Kalamu alikuwa ameshaishika. Sikumuuliza amesimama pale tangu lini, na nyuma yake wasichana sita walikuwa wakijifanya wanatazama mawimbi.

Kwa hiyo wazee wake hawakuja kwanza. Mimi ndiye niliyewafuata, mwisho wa mwezi, na wasichana sita waliojifunga masweta mpaka puani. Walipokimbilia kuiona bahari ya kijivu pamoja na wenyeji wao, mama yake Kocha alinishika mkono, akaniingiza ndani, akanionyesha chumba cha mwanawe. Juu ya kitanda kulikuwa na misumari miwili mitupu.

"Hapa palikuwa na ubao," akaniambia. "Mchafu, una nta imeganda na vumbi. Mara mbili nilichukua kisu niukwangue, na mara zote mbili alinizuia. Nikajiuliza, huyu mtoto ana nini."

Nilimshika mikono yote miwili, na machozi yakanitoka huku nacheka.

"Mama," nilimwambia, "ungekwangua tu."