Chumvi ya Sahani ya Tatu

Mama Rosa Aoko alianguka akiwa bado ameshika kipande cha mbavu mkononi.

Kwanza watu walicheka. Walidhani ni mbwembwe za mashindano. Kisha povu likamtoka mdomoni, miguu yake ikapiga meza mateke, na kicheko kikakatika uwanja mzima. Gari la wagonjwa lilipopata njia katikati ya umati, tayari alikuwa amekata roho.

Inspekta Seline Amolo wa upelelezi alifika uwanjani, kando ya ziwa karibu na Dunga, Kisumu, jua likiwa bado kali. Alikuta jambo lililomtisha kuliko maiti. Alikuta mamia ya watu waliokuwa wamekula nyama ile ile.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya wananchi. Wachomaji watano walipanga majiko yao. Kila mtu alipita akionja kwa wote, kisha akaandika jina lake na la mchomaji aliyempendeza kwenye karatasi, akaitumbukiza ndani ya debe. Wachomaji wawili waliokuwa mbele waliingia fainali. Hapo mshereheshaji akachomoa majina matano kutoka debe lile lile, na wenye majina wakaketi meza kuu, mbele ya watu wote, kuonja na kumtaja mshindi.

Sasa waonjaji walikuwa wamejishika matumbo. Wengine walijitia vidole kooni ili watapike. Mama mmoja alikuwa amepiga magoti majanini akimwombea mwanawe, huku mtoto mwenyewe akimtazama bila kuelewa.

"Na mimi nilionja, afande," Koplo Fabian alimnong'oneza.

"Kwa nani?"

"Kwa Ogola. Nilirudia."

"Unaumwa?"

"Sijui kama ni tumbo au ni woga."

Ogola ndiye aliyekuwa wa kwanza kupeleka nyama meza kuu. Alikuwa mtu mnene, aproni yake imejaa masizi, ameketi chini katikati ya askari wawili akitetemeka. Vijana walikuwa wamelizunguka hema lake. Mmoja alishika kijinga cha moto.

"Muuaji! Tumchome yeye kama alivyochoma nyama!"

"Nyama hiyo hiyo nimewalisha watoto wangu!" Ogola alilia. "Wako pale! Waangalieni!"

Hakuna aliyetaka kuangalia.

Seline aliiendea meza kuu. "Bwana, nifungue macho," aliomba kimoyomoyo, kama alivyoomba kila alipofika mbele ya mauti. Sahani zilikuwa tano, kila moja imeandikwa namba ubavuni. Kila moja ilikuwa na mbavu, kachumbari, na chumvi kidogo pembeni ya kuchovya. Inzi walikuwa wamezijaa zote.

Aliinama juu ya sahani ya tatu, ya Mama Rosa. Inzi walitembea juu ya nyama wakiwa wazima. Lakini waliotua kwenye chumvi walikuwa wamelala chali, hawatikisiki. Alizitazama sahani nyingine nne. Huko inzi walitembea hata juu ya chumvi.

Akachukua kipaza sauti kilichokuwa kimetupwa mezani.

"Ndugu zangu, nisikilizeni. Nyama haina sumu. Sumu iko kwenye chumvi ya sahani moja tu. Anayejisikia vibaya aende hospitali. Wengine, nendeni nyumbani."

Alisema kwa sauti thabiti. Moyoni aliomba asiwe amekosea, maana kama amekosea, angewazika wengi.

Kijana akakishusha kile kijinga cha moto. Koplo Fabian akashusha pumzi ndefu.

"Asante Yesu," alisema. "Nyama tamu hivyo isingeniua."

Aliyezibeba sahani alikuwa msichana aitwaye Akello. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Nani alizigusa sahani njiani?" Seline aliuliza.

"Hakuna mtu, madam."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa. Nilitoa kwa Ogola nikaleta hapa."

"Mama Rosa alichagua mwenyewe kiti cha tatu?"

"Hapana. Yeye aliitwa wa mwisho, alikuwa wa tano. Cha tatu kilikuwa cha jamaa anaitwa Ondiek. Mama alipokuja, huyo jamaa akaruka kutoka kitini kama ameona nyoka. Akaenda, hakurudi. Mpiga picha akalalamika kuna pengo, basi nikamwambia Mama asogee pale kwenye kivuli."

"Ondiek ni nani kwake?"

"Wanasema ni mkwe wake. Ameoa binti yake, Sheryl."

Habari hiyo ilisambaa haraka kuliko moshi. Kabla mwili haujafika mochari, Kisumu nzima ilikuwa ikisema mkwe amemuua mama mkwe.

Ondiek hakungoja kukamatwa. Asubuhi yake alijileta mwenyewe kituoni, suti imekunjamana, Biblia kwapani.

"Uliiacha sahani yenye sumu," Seline alisema. "Ukamwachia mama mkwe wako. Kwa nini?"

Ondiek alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Afande, si wewe ni Mjaluo?"

"Jibu swali."

"Basi jibu unalo. Niliona maro, mama mkwe wangu, anakuja kuketi meza moja na mimi. Maro! Nitafune akinitazama? Atafune nikimtazama? Tangu nimwoe Sheryl sijawahi hata kumpa mkono. Nilitoka kwa heshima, nikaenda kusimama nyuma ya mahema mpaka niliposikia mayowe."

Seline aliweka kalamu chini. Mume wake mwenyewe hula chakula chake jikoni kila mama yake Seline anapowatembelea.

"Ondiek," alisema polepole. "Unaelewa maana ya hayo? Sahani ile ilikuwa yako."

Ondiek aliishika Biblia kwa mikono miwili.

"Nani anataka ufe?"

"Hakuna. Mimi nimeokoka. Nauza nyanya soko la Kibuye. Nani ataniua kwa sababu ya nyanya?"

"Na kabla ya nyanya?"

Aliinamisha kichwa. "Nilikuwa mchinjaji. Kuna jambo nilifanya. Nimemwahidi Mungu nitalisema Jumapili, mbele ya kanisa."

"Lisemee hapa."

"Nikilisema hapa nitakuwa nimelisema kwa hofu. Nataka nilitubu, afande."

"Nani mwingine analijua?"

"Mmoja tu. Nilipomwambia nitaungama, alilia kama mtoto. Akasema tutasimama pamoja."

"Jina lake?"

"Jumapili, afande. Siwezi kumtangulia." Akasimama. "Niruhusu. Lazima nipeleke habari ya msiba kwa wazee kule Pap Onditi. Gari linaningoja."

Seline hakuwa na sababu ya kumfunga. Alimwonya asile cha mtu yeyote. Ondiek aliitikia kwa heshima na kutoka.



Muda mfupi baadaye Koplo Fabian aliingia na simu. Mwananchi mmoja alikuwa amerekodi fainali yote. Kwenye video alisikika Sydney, mwandaaji na mshereheshaji wa mashindano, mtu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

"Majaji wa wananchi! Leo hakuna rushwa, leo ni ulimi wako! Ogola, kama nyama ni ngumu tutakurudisha Muhoroni ukakate miwa!"

Umati ulicheka. Sydney aliendelea, akimtania mpiga picha, akimtania Ogola. Kisha akageuka kuitazama meza, na sauti yake ikakatika.

"Simu imeharibika?" Fabian aliuliza.

"Hapana. Sikiliza. Watoto wanasikika. Mpiga picha anasikika. Ni yeye tu aliyenyamaza."

Mama Rosa alikuwa ameketi kiti cha tatu. Alichovya ubavu kwenye chumvi. Akamwambia jirani yake neno, akacheka, akatafuna. Akachovya tena. Sydney alisimama kando, kipaza sauti kikiwa mbele ya kinywa chake wazi, bila neno.

Ndipo Mama Rosa akaanguka.

Fabian alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba simu ingemuuma. "Afande. Alinyamaza kabla hajaanguka."

"Leta debe la kura."

Lilikuwa kwenye chumba cha vielelezo. Seline alivaa glavu akamwaga karatasi mezani. Zilikuwa chafu, zimebandikana, zina alama za vidole vya mafuta. Haingewezekana vinginevyo; watu walipiga kura mikono ikitoka kwenye nyama. Kisha akafungua bahasha ya karatasi tano zilizochomolewa. Nne zilikuwa na mafuta. Ya tano, yenye jina la Ondiek, ilikuwa kavu na nyeupe.

"Hii haikuandikwa na mtu aliyekula," Seline alisema. "Haikutoka ndani ya debe. Ilitoka kiganjani mwa aliyeichomoa."

Akampigia Akello simu.

"Umesema hakuna aliyezigusa sahani. Hata Sydney?"

"Ah, MC? Yeye alizinyunyizia chumvi tu, madam, akisema anazibariki. Lakini huyo si mtu wa kuhesabu, siku nzima alikuwa akidokoa sahani za watu."

Seline alikata simu. Swali moja lilibaki.

"Fabian. Gari lililokuwa likimngoja Ondiek ni la nani?"

Koplo alibadilika rangi. "La Sydney, afande. Nilimwona nje. Nilimsifu, nikasema huyu ni rafiki wa kweli wakati wa msiba."

Walitoka mbio. Barabara ya Ahero ilikuwa imezibwa na trekta la miwa, na Fabian alipiga honi mpaka mkono ukauma. Simu ya Ondiek iliita bila kupokelewa. Seline alimpigia Sheryl.

"Nimeongea naye sasa hivi," Sheryl alisema kwa sauti ya kilio. "Wamesimama Katito, kwenye hoteli. Sydney amesema asiende kwa wazee na kiu. Kwani kuna nini? Afande, kuna nini?"

"Omba, dada," Seline alimwambia. "Omba sasa hivi."

Gari la Sydney lilikuwa limeegeshwa mbele ya hoteli ndogo ya mabati. Seline aliingia wa kwanza. Aliwaona wawili hao meza ya mwisho, na mbele ya Ondiek kulikuwa na glasi ya soda iliyojaa.

Ondiek alikuwa amefumba macho. Alikuwa akiomba. Alikuwa amemwombea marehemu, Sheryl, wazee wa Pap Onditi, na sasa alikuwa akimwombea rafiki yake Sydney aliyewaleta salama. Jasho lilimtiririka Sydney mashavuni. Vidole vyake vilipigapiga meza, vikingoja amina.

Seline alifika, akaivuta glasi taratibu mpaka upande wake.

"Afande, hata sala mnaivunja?" Sydney alijaribu kucheka. "Mwache mtu anywe soda yake."

"Inywe wewe."

Sydney aliitazama glasi. Mkono wake haukusogea.

"Inywe, Sydney. Ni soda tu."

Ondiek alifumbua macho. Alimwona inspekta, akaiona glasi, kisha akauona uso wa rafiki yake. Hakuhitaji kuelezwa.

"Sydney," alisema kwa upole. "Mimi?"

Hapo Sydney alivunjika. Hakungoja kufika kituoni. Fabian alimpa onyo la kisheria, akamtia pingu, lakini maneno yalimtoka kama maji.

"Ulitaka kuniangamiza! Wewe na Jumapili yako! Mimi nililisha matanga kule Muhoroni. Ng'ombe akafa mwenyewe kabla ya siku, nami ningepata wapi mwingine? Nikakuambia mchinje hivyo hivyo, nani atajua? Watu wakafa, ikasemwa ni kipindupindu, yakaisha! Yalikuwa yameisha, Ondiek! Halafu wewe unaokoka, unakuja kuniambia eti tukasimame madhabahuni!"

"Kwa nini mbele ya watu wote?" Seline aliuliza.

"Kwa sababu wangemshika mchomaji. Mtu akifa kwa nyama, nani atamtazama mwenye kipaza sauti? Niliweka dawa ya shambani kwenye chumvi yake. Kiti ni chake, namba ni yake. Nikageuka kuchekesha watu. Nilipotazama tena..."

"Ulimwona Mama Rosa."

"Nilimwona."

"Alichovya mara ya kwanza, ukatazama. Akachovya mara ya pili, ukatazama. Kipaza sauti kilikuwa mdomoni mwako, Sydney. Neno moja tu lingetosha."

Sydney alilia sasa, kilio cha mtu mzima, kibaya kusikia. "Nilifungua mdomo. Mungu anajua nilifungua. Lakini ningesema 'Mama, usile,' wangeniuliza nimejuaje. Niliogopa."

Fabian alimwongoza nje. Mwenye hoteli na wateja wake walisimama ukutani, hakuna aliyegusa chakula chake.

Ondiek alibaki ameketi. Alikiangalia kiti kilichokuwa cha Sydney.

"Miaka yote sijawahi kula naye, maro wangu," alisema. "Chakula changu cha kwanza kumfikia ndicho kile."

"Si wewe uliyetia sumu, Ondiek."

"Sikutia. Lakini Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi kanisani, na neno lilikuwa mdomoni mwangu. Nikasema moyoni, nitangoja wiki moja zaidi, suti yangu iwe imefuliwa. Nilikuwa nikiogopa, afande, nikaiita toba. Yeye alifungua mdomo akanyamaza. Na mimi pia."

Akaisogeza Biblia kando ili ipatikane nafasi mezani.

"Andika, afande," alisema. "Jumapili ni mbali."

Seline akatoa kalamu.