Kengele ya Pili

Siku Tening Faye alipokutana na Ansumana Jarju, nusura wauane. Ilikuwa katika soko la Serekunda, saa ya watu kukanyagana. Tening alikuwa na beseni la bamia kichwani, na Ansumana akatokea mbio na baiskeli ya mikate. Bamia zikamwagika na mikate ikazifuata. Tening, kilemba chake cha zambarau kimekunjwa kwa majivuno, alifungua kinywa atukane, ndipo akaliona jina lililopakwa rangi kwenye kikapu: Jarju. Mjola huyo. Hasira ikamtoka, maana Mserere kama yeye na Mjola ni watani tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi; huitwa mtumwa kwa mzaha.

"Kumbe ni mtumwa wangu," akasema. "Nani kakuruhusu kutoka shambani?"

"Wewe mwenyewe ulinituma mikate, bibi, ukasahau," Ansumana akajibu huku akimwokotea bamia. "Uzee huo."

Toka hapo, kila asubuhi kengele ya baiskeli ililia mara moja nje ya lango la kina Tening, na mkate wa moto ukapitishwa juu ya ukuta. Mara moja tu. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao.

Uchaguzi wa wabunge ulipofika, mtaa ukageuka. Safari iliyopita mshindi alipita kwa gololi tisa, kwani huko kura hupigwa kwa gololi, na safari hii watu wa chama cha buluu na watu wa chama cha chungwa walikuwa hata hawazikani. Duka moja lilichomwa. Tening akateuliwa karani wa kugawa gololi, na usingizi ukampotea. Kila mpiga kura hupewa gololi moja, huingia nyuma ya pazia, huitumbukiza katika pipa la mtu wake, na kengele iliyomo ndani ya pipa hulia. Ikilia mara moja, ni kura. Ikilia mara mbili, ni wizi. Ndiyo maana siku hiyo baiskeli na kengele zake haziruhusiwi kukaribia kituo.

Jioni ya kuamkia uchaguzi alimpigia Ansumana.

"Kesho pita mbali, mpenzi. Na ukiniona, usinijue."

"Unaona haya kujulikana na muuza mikate?"

"Naogopa, Ansu. Karani mmoja kavunjwa mkono kwa kumchekea mtu wa buluu."

"Haya, bibi mkubwa. Sikujui." Ansumana akakata simu.

Siku ya kura Tening aligawa gololi mojamoja. Mambo yakaenda salama mpaka saa kumi na moja kasorobo, foleni ilipokwisha. Ndipo naye, aliyeandikishwa kituo hicho hicho, alipochukua gololi ya mwisho akaingia nyuma ya pazia. Kengele ikalia. Kabla hajashika pazia atoke, ikalia tena.

"Mbili!" Aliyesimama ni Birame Diouf, wakala wa chungwa, Mserere wa miraba minne. "Karani katia mbili."

Tening alitazama dirishani. Nyuma ya ukuta wa shule aliona kofia ya kijani juu ya baiskeli, ikipotelea kwenye kona. Aliijua kofia ile; aliishona yeye.

Msimamizi wa kituo akamuuliza ile ya pili imetoka wapi. Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini nje watu walikwisha kuushika uzio, wengine na mawe, na polisi walikuwa wawili tu. Kulitaja jina la Ansumana ni kuwatupia mtu. "Sijui," akasema. Diouf akataka mapipa yafungwe na mwanamke apelekwe kituo cha polisi sasa hivi. Tening aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba Ansumana alisema hamjui, na ameshika neno lake.

Mara watu wakapasuka katikati. Ansumana alikuja amebeba baiskeli begani. Akaishusha mbele ya mlango, akapiga kengele mara moja, na uwanja wote ukamgeukia.

"Diouf, mtumwa wangu, kaa chini," akasema. "Kengele ni hii. Niliona foleni hakuna, nikadhani mmefunga. Nikamsalimu mpenzi wangu. Niliposikia makelele nilikimbia, kweli. Kisha miguu ikakataa."

Diouf aliinua ngumi. Lakini damu ya mtani haimwagwi. Anayeimwaga hujitafutia laana. Ngumi ikabaki juu.

"Mla wali wewe," Diouf akasema, utani wa kale kwa Wajola. "Ningekuwa si Mserere, leo ungeimeza hiyo kengele. Gololi zihesabiwe. Ikizidi moja, nyote wawili ni wangu."

Gololi zilipangwa kwenye mbao zenye matundu mia mbili. Ubao wa kwanza ukajaa za buluu, wa pili ukajaa za chungwa. Kwenye wa tatu, palipotiwa zilizobaki za pande zote mbili, Tening alihesabu mpaka ishirini na saba. Msimamizi akapindua mapipa yote mawili. Likaanguka tu vumbi la mbao linalotiwa ndani gololi zisigonge. Daftari lilikuwa na majina mia nne ishirini na saba. Buluu mia mbili kumi na nne, chungwa mia mbili kumi na tatu. Diouf aliitazama ile moja iliyowatanguliza buluu, kisha akatia saini.

Polisi waliifungua kengele kutoka kwenye baiskeli iwe ushahidi, wakamshika Ansumana mkono. Tening akatoka mbele ya watu wote, buluu na chungwa, akasimama njiani.

"Jana nilikwambia usinijue," akasema. "Nilikosea. Mimi huyu namjua. Ni wangu."

Asubuhi ya pili alikaa kitandani akisikiliza. Saa ya mkate ilifika, ikapita, na lango likanyamaza. Aliwaza rumande, akawaza mawe, akaanza kutafuta viatu.

"Ngriiing," ikasema sauti ya mtu nje, imekauka kwa kukosa usingizi. "Mara moja tu, bibi. Nimejifunza."

Tening alifungua lango. Ansumana, ameachiwa alfajiri, alikuwa na jicho lililovimba, na pembeni yake mjomba wake amevaa kanzu ya Ijumaa, ameshika kikapu. Juu ya mikate ya moto palikuwa na furushi la kokwa za kola, zile za kuposea.

"Ingia, mtumwa," Tening akasema huku machozi yakimtoka. "Mikate inapoa."