Jina Kwenye Kengele

"Haiya! Wewe baba! Rudisha kiatu!"

Soko zima la Thika liligeuka. Jeconia, mwanamume mrefu mwenye shati la buluu lililopigwa pasi vizuri, alikuwa akikimbia na kiatu cheusi cha mtumba mguu mmoja, na sandali yake kuukuu mguu wa pili. Simu yake ilikuwa imelia akiwa bado anajaribu viatu.

Dakika kumi baadaye alirudi akihema, akanunua vyote viwili bila hata kuomba apunguziwe.

"Nilidhani umeniibia kimoja," akatania Waceke, mjane mwenye meza ile ya viatu.

"Ningeiba vyote, mama. Pamoja na mwenyewe."

Waceke alicheka mpaka akashika meza.

Wakaanza kupigiana simu kila asubuhi, Waceke akiwa kwake Gitothua, Jeconia akiwa kwake Ngoingwa.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Nangoja unipikie."

"Basi utakonda!"

Kasoro ilikuwa ile simu ya Jeconia. Kila baada ya saa tatu ililia, naye Jeconia akatoka mbio. Jumapili moja, mkahawani Ruiru, Waceke akiwa na gauni jipya la waridi, aliona jina kwenye kioo cha simu ilipolia: BETH.

"Mkimbilie huyo Beth wako. Mimi usinipigie tena!"

Wiki mbili hakushika simu zake. Ndipo Jeconia akaja sokoni, akamwekea simu mkononi. "Ikilia, ongea naye mwenyewe."

Ikalia. "Haloo? Beth?" Hakuna mtu. Ilikuwa kengele tu ya kukumbusha saa.

"Beth ni nesi," Jeconia akasema polepole. "Nilikuwa na kansa ya kibofu. Madaktari walikitoa, wakanitengenezea kingine kwa kipande cha utumbo wangu. Hiki hakiniambii kimejaa. Beth ndiye alinifundisha kwenda chooni kwa saa. Na nikilala, kuna siku godoro linalowa. Mwanamume wa miaka hamsini na tatu, ningekuambiaje?"

Macho ya Waceke yalijaa machozi. "Na kengele inalia, umesimama tu hapa! Nenda, baba, utaumia!"

Aliporudi kutoka chooni, jina kwenye kengele lilikuwa limebadilishwa: WACEKE.

"Beth amefanya kazi nzuri, apumzike. Sasa nitakuita mimi."

"Hata usiku? Tukiwa tumeoana?"

"Hata usiku. Godoro tutalivika nailoni." Akajipangusa macho kwa leso, akacheka. "Lakini kwanza uje uwaone kaka zangu. Na uvae viatu vyote viwili!"