Kiputo cha Bibi Gwantwa

Siku yenyewe ilianza kama Jumamosi yoyote ya Mpemba, mji wetu wa barabarani. Malori yamejipanga kuelekea mpakani, madereva wameshuka wanapiga mswaki kwa maji ya chupa, na kaka yangu Anyitike anapita katikati yao na karatasi mkononi kama muuza karanga. Ni mtoto wa baba mkubwa, lakini kwetu huyo ni kaka, hakuna mjadala.

Anyitike alikuwa mchora katuni. Hakuajiriwa na gazeti lolote. Alichora chumbani kwake, akatoa kopi kwa Dina mwenye steshenari, akakunja mwenyewe na kuuza mwenyewe. Kwa miaka alichora vituko vya foleni: dereva aliyeota mvi akisubiri kibali, utingo aliyeoa na kupata watoto kabla lori halijasogea. Watu walicheka, kisha wakamrudishia karatasi yake.

Ndipo akamchora mchawi. Karatasi zikawa zinaisha kabla ya chai.

Mchawi wake alikuwa bibi kizee mwenye jicho moja lililofumba na kitenge kilichofungwa shingoni. Mtu yeyote wa kwetu Mbebe, kule juu Ileje, alimtambua: Bibi Gwantwa, mjane jirani wa bibi yetu. Anyitike hakujisumbua kubadilisha hata kovu la shavuni. Katika kila toleo wahusika wengine waliongea. Bibi alichorewa kiputo, lile duara lenye mkia linalobeba maneno ya anayesema, ila chake kilikuwa kitupu.

"Kwa nini haongei?" nilimuuliza.

"Sasa mchawi ataongea nini, Tuse? Wasomaji wanajijazia wenyewe. Ndiyo raha yake."

Wakajijazia kweli. Katika toleo la mwisho umati umeizunguka nyumba ya bibi, kila mtu na kiputo chake, kila kiputo na neno moja: SEMA! Cha bibi, kitupu. Kijana mmoja wa Mbebe, Felix, alilibandika toleo hilo kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Haikupita wiki akawaongoza watu hadi kwa Bibi Gwantwa. Wakamzunguka vilevile. Wakapiga kelele zilezile. Bibi akakimbilia kwenye ukungu. Kitenge chake kilikutwa mtoni. Yeye hakukutwa.

Mimi nasoma chuo Mbeya, na jukwaani kwenye midahalo sishindwi kirahisi. Kwa hiyo nitangaze upande wangu mapema: siamini uchawi. Naamini watu. Watu wanaweza kummaliza mwenzao mchana kweupe, halafu wakarudi kupalilia mahindi. Shika hoja hiyo, maana yanayofuata siwezi kuyatetea.

Jumamosi hiyo, dereva mmoja Mzambia alimwita Anyitike kutoka juu ya lori. Alikuwa mteja wake wa siku nyingi.

"Mulishani, ba msanii! Leo mayo wako ameongea."

Mulishani ni hujambo na mayo ni mama, kwa lugha yao. Anyitike akacheka. Dereva hakucheka. Aliteremsha dirishani kopi yake ya toleo lile la mwisho, akapandisha kioo.

Ndani ya kiputo cha bibi kulikuwa na vidoti vyeusi. Vidogo, kama sisimizi.

"Uchafu wa mashine huo," Dina alisema tulipompelekea. Akafuta kioo kwa spiriti, akatoa kopi nyingine. Vidoti vilikuwa vimesogeleana. Akatoa nyingine. Vimeshikana. Tukaiangalia karatasi halisi, ile ya mkono. Kiputo cheupe kabisa. Kopi iliyofuata ilitoka ikiwa na herufi.

ANYITIKE.

"Nani anakufanyia utani wa kijinga hivi?" Dina aliuliza. Akachomoa waya ukutani.

Nilimpigia simu bibi yetu nikamsomea.

"Ni jina lake, ndiyo," alisema. "Nilimpa mimi, siku Mungu aliponiitikia maombi. Lakini mjukuu wangu, ukilisema kwa kudai, kwa Kindali chetu, hilo si jina."

"Ni nini?"

"Ni aniitikie."

Hapo hasira zikanipanda. Nilimgeukia kaka yangu palepale kibarazani kwa Dina.

"Umechora umati mzima unamfokea aseme. Nafasi ya kusema hukumpa! Hata kwenye mdahalo wa shule ya msingi mpinzani anapewa dakika zake. Kaa chini. Kijaze hicho kiputo."

Akakaa. Akafungua kalamu. Ncha ikabaki hewani juu ya kiputo hadi wino ukadondoka pembeni.

"Niandike nini, Tuse?" Akaifunika kalamu. "Uso wake naujua hadi mkunjo wa mwisho. Sauti yake siijui. Sikuwahi hata kumsalimia."

Kesho yake tukapanda Mbebe kuwatafuta waliowahi kuongea naye. Ilikuwa asubuhi, lakini ukungu ulikuwa umelala barabarani, unasikia ng'ombe usiyemwona. Felix alitupita na jembe begani.

"Mchoraji! Umefuata picha nyingine? Leta vitu bwana, wateja tuna njaa!"

Bibi yetu alitupa uji, akatusindikiza hadi uani. Alishika mikono yetu wote wawili.

"Mnaingia pale, sawa. Mkiitwa mara moja, msiitike. Mtu hai wa nyama na damu huita mara ya pili."

Nyumba ya Bibi Gwantwa ilikuwa wazi. Ukungu ulikuwa umeshaingia. Mafiga baridi. Kigoda kimoja. Kikombe kimefunikwa kwa kisahani, kama cha mtu anayerudi sasa hivi.

Nilifunua.

Chai ilikuwa inatoa moshi.

"Anyitike."

Sauti ya kike. Ya upole. Kama jirani anayekuja kuomba chumvi.

Nilimkamata mkono. "Usiitike," nikanong'ona.

Tukasubiri ya pili. Haikuja. Ukungu ulisogea. Kigoda kikalia, kama mtu amekaa.

Kaka yangu alinitazama. Macho yamejaa. "Si ndicho anachodai?" alinong'ona. "Kuitikiwa tu?"

"Kaka, nakuomba."

"Naam, bibi."

Kisha nikamwona anasikiliza. Anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtoto anayetumwa. Mimi sikusikia kitu. Alisikiliza muda mrefu. Machozi yakamfika kidevuni. Halafu akanigeukia, akafungua kinywa anieleze.

Midomo ilicheza. Hakuna kilichotoka.

Hata pumzi.

Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima. Hajatoa sauti hadi leo. Nilimpa karatasi: aliambiwa nini? Akachora kiputo, polepole, kwa ustadi wake wote. Akaweka kalamu chini. Akakiacha kitupu.

Ningeishia hapo, ningesema ni mshtuko. Hoja nzuri tu, ningeitetea. Lakini Jumapili iliyofuata Felix alisimama kanisani kusoma matangazo. Akafungua kinywa. Waumini wakadhani spika imeharibika. Mzee mmoja akaenda kutikisa waya.

Jioni Dina alinipigia. Katika kopi aliyokuwa ameiacha kwenye kibanio, kiputo cha kijana aliyechorwa mbele ya umati, mwenye jembe kama Felix, kilikuwa cheupe. SEMA! imefutika. Baadaye kikafuata cha mama wa nyuma yake. Kisha cha mwenye kofia. Siku hizi sokoni Mbebe wanapatana bei kwa vidole. Kwaya imepunguza nyimbo. Na kiputo cha Bibi Gwantwa kimevimba hadi kwenye pembe za kisanduku cha picha, kimejaa herufi ndogondogo zilizobanana hadi zimekuwa giza tupu. Anasema. Hatimaye anasema, na hakuna anayeweza kusoma.

Kopi hiyo ninayo mimi. Nilimwomba Dina anipe niichunguze, maana kesho nina mdahalo na nilitaka kuitumia kama ushahidi wa mambo watu wanayowafanyia wajane. Viputo vyote vya umati vimeshakuwa vitupu, isipokuwa kimoja. SEMA! yake bado nzito. Niliutafuta mkia wake nione ni cha nani katika umati. Si cha yeyote. Mkia unapita miguuni mwao, unatoka nje ya kisanduku, unashuka hadi ukingoni, pale msomaji anaposhika karatasi kwa kidole gumba.

Nilimwonyesha Anyitike. Akatikisa kichwa. Hakuuchora yeye.

Nimenawa kwa sabuni. Nimesugua kwa mchanga, na kwa spiriti ya Dina. Mstari mwembamba mweusi, kama ule mkia, hautoki. Jana ulikuwa kwenye ncha ya kidole gumba changu. Asubuhi hii umefika kifundo cha mkono, unapanda kuelekea kooni.