Mgeni wa Akron

Shali ya mtoto ilianza kunuka mpira ulioungua. Wavinya aliifua, akaianika juani, akaifua tena, na bado ikanuka. Akasema ah, ni hawa wa kuziba pancha. Chumba chake kilikuwa Mwingi, kando ya barabara ya Garissa, na malori yanayolala pale huacha kila aina ya uvundo. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Kazi yake ilikuwa kuandikia tovuti ya watalii habari za miji ya Amerika ambayo hajawahi kuikanyaga. Mwezi huo alipewa Akron, jimbo la Ohio. Akaandika kuhusu mfereji uliochimbwa zamani ukaukuza mji, viwanda vya matairi vilivyoupa sifa ya makao makuu ya mpira duniani, jumba la tajiri wa matairi na bustani zake, na watoto wanaoteremka kilima kwa vigari visivyo na injini huku wazazi wakishangilia. Mwenye tovuti akamrudishia. Imekauka, alisema, tia mtu ndani. Basi Wavinya akamtunga mtu: Harlan, kibarua aliyenaswa kwenye tanuri la kuivishia matairi, akaiva nayo. Mwishoni akaandika kwamba Harlan bado anatangatanga, na popote atakapoitwa ataitika. Aliandika akicheka peke yake.

Mwanawe mchanga hakuwa na jina bado. Wa kulitoa ni mama mkwe wake, Syokau, na mto uliofurika ulikuwa umemfungia kijijini Nuu.

"Usimwite chochote mpaka nifike," Syokau alionya kwa simu. "Mtoto asiye na jina bado ni wa aimu, mizimu yetu. Ukimpa jina la ovyo, mwenye jina atakuja kumchukua."

"Ndiyo, mwaitu, mama yangu," Wavinya akajibu, akakata simu, akafyonya. Yeye ni mtu wa kanisa, hayo ya mizimu ya nini? Akamtazama mtoto kifuani. "Harlan," akamtania, "nyonya ulale, mama aandike." Mtoto akageuza kichwa. Tangu hapo likawa jina lake, wakiwa wawili tu.

Mchana mmoja king'ora kililia ndani ya ukuta, na Mwingi hakuna kiwanda cha kulia hivyo. Mtu akakohoa nyuma ya pazia. Wavinya akaganda na sufuria mkononi, akaona nyayo nyeusi zikitokea sakafuni moja baada ya nyingine bila mguu juu yake, zikipita jiko, zikipita kiti, zikielekea kitandani alipolala mwanawe, na zilipofika zikatulia, na godoro likabonyea kama vile mtu mzito ametoka zamu na anaketi kupumzika, na mtoto, ambaye hata umri wa kucheka hajafika, akacheka.

Mto ulipopungua Syokau akaja. Hata salamu hakutoa. Alisimama mlangoni akinusa.

"Umemwita jina?"

"Hapana, mwaitu."

"Wavinya."

"Haki ya Mungu, hapana!"

Syokau akampakata mtoto, akamwita Nzioka, jina la marehemu babu ya mtoto. Mtoto akawa baridi kama jiwe la mtoni, akafungua kinywa, na kilichotoka ni kile king'ora. Mchungaji aliletwa, akaomba hadi sauti ikakauka. Mwishowe Syokau, mama wa kanisa miaka yote, akakubali Maalim Yakub aitwe kutoka karibu na msikiti.

Yakub aliketi, akasoma, akasikiliza ukuta. "Huyu amekaribishwa," akanong'ona. "Na nani?"

Wavinya akaeleza habari ya kazi yake na ya Harlan. "Lakini nilimtunga tu, maalim."

"Ulitunga jina, mama. Mwenyewe alikuwepo akitafuta la kuvaa. Wewe mwenyeji ndiwe utakayemfukuza, kwa jina hilohilo. Ila sema kweli. Kuna mwingine humu uliyemwita hivyo?"

Macho ya Syokau yalikuwa yamemganda usoni. Na Wavinya alikuwa ameshaapa. Aibu, jamani, ni kitu kibaya.

"Hakuna."

"Basi mfukuze."

"Harlan," akasema, "toka kwangu. Nenda, usirudi."

King'ora kikakatika. Nyayo zikafutika na ile harufu ikaisha kabisa. "Asante Yesu!" Syokau akashangilia, akamtikisa mjukuu wake. "Nzioka. Nzioka wangu." Kisha akaweka sikio kwenye kifua kile kidogo.

"Wooi, Wavinya," akasema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa ukimwita nani huyu mtoto?"

Wavinya akaruka, akamshika mtoto mguu. "Harlan! Harlan, rudi!"

"Usiite!" Yakub akapiga kelele. "Wametoka wawili! Hujui atakayerudi!"

"Rudi, nakuomba! Harlan!"

Mtoto akafumbua macho. Akamtazama Syokau, akamtazama Yakub, taratibu, mmoja baada ya mwingine. Syokau akamlaza sakafuni, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Hakuna aliyesogea kumgusa. Basi Wavinya akamwokota, akafungua vifungo vya blauzi, akamnyonyesha.